Maji ya Kumkanda Vivian

Mishomoroni, Kisauni
Jumamosi, 8 Februari 2025

Shikamoo dada Sidi,

Hujambo huko Arabuni? Mgongo wako vipi, na yule madamu wako amekupunguzia ngazi za kusugua? Najua utaisoma hii Ijumaa, siku anayokurudishia simu, lakini naandika leo kwa sababu nikikaa nayo moyoni nitapasuka, na nimeambiwa nisipasuke.

Mwenzio nimekatwa tumbo. Lile tumbo la mapacha, lililokuwa likining'inia hata wamama wa kanisani wananiuliza huyu wa sasa ni wa mwezi gani, halipo tena. Daktari amekata ngozi ya ziada, amevuta iliyobaki, ameshona kutoka nyonga hii mpaka nyonga ile. Nimerudi nyumbani jana. Natembea nimeinama kama bibi anayetafuta sindano sakafuni, nina mipira miwili ya kutoa maji machafu, nina mkanda wa daktari kiunoni, na nina furaha ambayo sijaipata tangu harusi yangu.

Nesi Cheryl, aliyenihudumia pale kliniki, alinipa masharti mengi. Alilolirudia sana ni kwamba ngozi ya tumbo itakuwa na ganzi kwa miezi, hata nikichomwa sitajua, kwa hiyo nisiweke kitu cha moto. Nikamwambia sawa nesi, nimesikia. Haki ya Mungu nilikuwa naangalia kiuno changu tu.

Shemeji yako Lenox yuko na lori njia ya Kampala na kutoka hapo anaingia Kongo, hatarudi mpaka mwezi wa tatu. Yeye na Mama nimewaambia ni uvimbe wa kizazi umetolewa. Wewe peke yako ndiye unayejua, na uliniapia kwa kaburi la Baba. Unakumbuka ulivyotoboa sikio tundu la pili, Mama hakusema nawe Kwaresima nzima. Je, akisikia nimekatwa ngozi nzima bila ugonjwa? Atasema nimemrudishia Mungu kazi yake niliyoiona mbovu.

Taabu ni kwamba amesema Jumanne anatoka Kaloleni kuja kuniuguza. Nimemwambia asihangaike, amenikatia simu.

Mdogo wako,
Vivian


Dammam
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mdogo wangu Vivi,

Marahaba, mama. Nimeisoma barua yako nikiwa nimejificha stoo ya nguo, nimecheka mpaka nikauma shuka. Mgongo ni ule ule, na ngazi hazijapungua hata moja. Watoto hawajambo? Kidonda kinakwendaje? Nilikuombea siku ile ya kukatwa, nikasema Mungu ukimchukua huyu mtoto kwa ajili ya kiuno nitakulaumu hata mbinguni.

Sasa nisikilize, kwa sababu Mama atakuwa ameshafika. Unamjua Mama. Mwanamke akijifungua pale Kaloleni, Mama huitwa kabla ya mchungaji. Akiona mwanamke amelala ana kidonda cha tumbo, mkono wake wenyewe unaitafuta sufuria. Mwambie mapema kwamba daktari amekataza kukandwa kwa maji moto, amekataza kabisa. Usimwonee haya. Umesema mwenyewe kwamba nesi alilirudia hilo.

Na kliniki kukaguliwa kidonda ulikwenda? Niandikie. Simu naichukua tena Ijumaa, lakini wewe andika tu.

Dada yako,
Sidi


Mishomoroni
Jumapili, 16 Februari 2025

Dada Sidi,

Shikamoo. Natumai umeamka salama na madamu hajakununia. Sisi huku wazima, watoto wamekwenda kanisani na Mama wamerudi, wamejaa vumbi na mandazi. Wanamganda Hawe wao, bibi yao huyo, utadhani mimi sipo.

Onyo lako limenikuta nimeshakandwa.

Usinigombeze kwanza. Mama alifika Jumanne na vitu vyake vyote, sufuria yake ile nyeusi, taulo zake, majani ya mwarobaini, na leso sita. Nikamwambia, Mama, daktari amekataza maji moto. Akaniuliza, daktari mwanamume? Nikasema ndiyo. Akasema, basi huyo amezaa lini? Tumbo lililotolewa kitu hubaki na damu mbovu, na damu mbovu haitoki kwa vidonge, inatoka kwa maji. Nikashikilia kwamba nimekatazwa. Hapo akaacha kupanga leso zake, akaniangalia machoni, akasema, "Kwani wewe umekatwa nini hasa?"

Nikaogopa. Alikuwa ameshaona mshono. Aliniuliza uvimbe gani wa kukatwa nyonga kwa nyonga, nikamwambia ulikuwa mkubwa kama fenesi. Kisha akatazama kitovu, maana daktari amenitengenezea kitovu kipya na kina nyuzi zake. Akasema kitovu hiki nilikifunga mimi kwa uzi, nakijua. Kwa hiyo alipochovya taulo, nikalala chali nikanyamaza. Nilifikiri nikibisha tena atajua yote.

Na ukweli ni kwamba mgongoni kulinistarehesha. Unavyojua mikono yake. Tumboni sikusikia kitu. Mama ana kawaida yake, anamwekea mzazi taulo na kumwuliza, yanakuchoma? Mzazi akiruka, maji yametosha. Akiniuliza mimi, nasema hapana, kwa sababu kweli hayanichomi. Basi anakwenda kuongeza ya moto. Jana amesema hajapata kuona mwanamke jasiri kama mimi, na ameringa nami kwa jirani, Mama Rosalia.

Kukaguliwa sijakwenda. Mama alivaa viatu vyake kabisa anisindikize, na daktari yule ana mdomo. Nikasema tumeahirishiwa.

Mdogo wako,
Vivian


Mishomoroni
Jumatano, 19 Februari 2025

Dada Sidi,

Salama huko? Huku joto, na umeme umekatika tangu asubuhi.

Nakuandikia kidogo tu. Mama ameuvua ule mkanda wa daktari, amesema ni wa mapambo. Amenifunga mkaja wa leso tatu, ameweka goti mgongoni na kuvuta kama alivyotufunga tulipozaa. Mipira ile nilikuwa nimeshaichomoa mwenyewe bafuni, Mama alikuwa anaiulizia ulizia. Sasa kiuno kimekaa sawasawa, wallahi ningekutumia picha ungelia.

Asubuhi tulipofungua leso kulikuwa na malengelenge chini ya kitovu, makubwa, yamejaa maji. Mama amefurahi. Anasema uchafu umepata njia ya kutokea. Pembeni ngozi nyekundu, katikati kuna mahali peupe. Hapaumi hata kidogo, nimepabonyeza kwa kidole na ni kama nabonyeza godoro.

Nesi Cheryl amepiga simu. Sikupokea, Mama alikuwa amekaa hapa kitandani.

Mdogo wako,
Vivian


Dammam
Ijumaa, 21 Februari 2025

Vivian,

Hali yako? Leo nakuuliza si kwa mazoea. Nataka kujua hali yako saa hii unaposoma.

Nimezisoma barua zako mbili kwa pamoja. Mimi napika na kupiga pasi katika nyumba hii mwaka wa pili. Nimeungua mafuta, nimeungua mvuke, mikono yangu unaijua. Kuungua kunakouma hakunitishi. Huko kwako kusikouma ndiko kunakonitisha. Vivi, Mama anakupika. Anakupika na anakuuliza kama unaiva, nawe unamjibu bado.

Hakuna damu mbovu hapo, wewe unajua na mimi najua. Mama hajui, na hilo si kosa lake, hatukumwambia. Kama angejua ngozi imekufa ganzi angeyamwaga yale maji hata kabla hujamaliza sentensi. Huyu ni mwanamke aliyempeleka mzazi wa watu Mariakani kwa mkokoteni kwa sababu aliona uvimbe mguuni hakuuelewa. Si mjinga. Anafanya kazi aliyopewa, na sisi tumempa kazi ya uongo.

Mwambie leo. Kisha mpigie Cheryl mwende. Atanuna, atafunga, atasali kwa sauti usikie, basi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi sitaki kulia katika nyumba ya watu.

Simu ya Mama ni mulika mwizi, ya vitufe tu, haipokei barua hizi za kwetu, na laini yangu ya huku haipigi nje. Njia ya kumfikia ni simu yako tu. Nikifika Ijumaa ijayo nikute hujamwambia, nitamwandikia yeye humu humu, na Baba kaburini atanisamehe.

Nakupenda, jinga wee.

Dada yako,
Sidi


Mishomoroni
Jumapili, 23 Februari 2025

Dada Sidi,

Shikamoo. Umenitisha, nimelia, Mama akaniuliza nani amenitumia habari mbaya. Nikasema umekosana na madamu. Amekuombea.

Nilijaribu. Ijumaa ile ile nilimwambia, Mama, haya maji basi, nimeshapoa. Akasema nje ndiko kulikopoa, ndani bado. Nikamwambia sisikii kitu, Mama, labda ndiyo maana... Akanishika uso kwa mikono miwili. Akasema, nilipozaa wewe nilikaa peke yangu, mama yangu alikuwa ameshakufa, hakukuwa na wa kunikanda, na tumbo hili limeniuma miaka yote, wewe halitakuuma. Dada, ningesemaje baada ya hapo? Ningemwambia nimekatwa ili nguo zinikae vizuri?

Pale peupe sasa peusi. Peusi hasa, pakavu, kama ukoko chini ya sufuria. Nyuzi zimeachia upande mmoja. Kunatoka maji yana harufu, nimechoma udi chumbani na watoto nimewahamishia sebuleni. Mama harufu ameisikia, nimemwona. Anaosha kwa mwarobaini na hazungumzi sana siku hizi. Jana ameniuliza tena uvimbe ule ulikuwa na jina gani. Nikamwambia daktari alisema kwa Kizungu.

Ijumaa atakwenda Kaloleni, kuna ubatizo. Akiondoka tu, nakwenda hospitali siku hiyo hiyo, peke yangu, namalizana nao kimya kimya, na Lenox anarudi ananikuta mzima. Nivumilie mpaka hapo. Usimwandikie. Tafadhali, dada. Akijua atajua pia alichonifanyia, na hilo ndilo siwezi kabisa.

Mdogo wako,
Vivian


Mishomoroni
Jumatano, 26 Februari 2025

Dada,

Salamu. Natetemeka ndiyo maana herufi zinaruka.

Mama haendi tena Kaloleni. Amesema hawezi kuniacha na homa hii. Amenifunika mablanketi mawili na kukaza leso, ananiimbia nyimbo za kule nyumbani ambazo sikujua kama anazikumbuka. Mama Rosalia alikuja akasema huyu apelekwe hospitali. Mama akakubali, akainuka kuchukua kanga yake. Mimi nikakataa. Mimi, dada. Nikasema daktari aliniambia homa itakuja na itapita. Nimemdanganya tena na ameniamini, amerudi jikoni.

Nilisema usimwambie. Nimebadili. Mwambie wewe. Kila nikifungua mdomo naona uso wake na maneno yanarudi ndani. Wewe uko mbali, hutauona. Ijumaa ukipata simu tu, kabla ya kitu chochote, mwandikie humu. Nimetoa namba ya siri, simu inafunguka bila kitu. Nitamwambia Ijumaa aisome.

Nangoja Ijumaa.

Vivi wako


Dammam
Jumapili, 2 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Ni mimi Sidi. Usiulize habari zangu, soma mpaka mwisho.

Ijumaa sikupewa simu. Nyumba ilijaa wageni, kesho yake mfungo ulikuwa unaanza, niliosha vyombo tangu alfajiri. Nilimwomba madamu simu nikiwa nimepiga magoti, akadhani nataka mshahara. Leo nimeiiba kwenye mkoba wake na niko chooni.

Mama, Vivian hakuwa na uvimbe. Alikwenda kukatwa tumbo lipungue, lile la mapacha. Hakuwa mgonjwa. Tulificha kwa sababu tulikuogopa. Ngozi yote ya mbele ya tumbo lake ina ganzi, ukiweka maji moto hasikii, nesi alimkataza. Alipokuwa akikuambia hayamchomi alikuwa anasema kweli, lakini yalikuwa yanamchoma. Ule weusi si damu mbovu, ni nyama iliyokufa.

Mwaga maji, Mama. Fungua leso zote. Mwite Mama Rosalia, chukueni gari lolote, mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi, muwaambie ameungua na ana homa. Hata akikataa. Yeye mwenyewe ameniomba nikuandikie.

Si wewe, Mama. Ni sisi. Nijibu neno moja tu.

Mwanao,
Sidi

Mama, nijibu.


Mishomoroni
Ijumaa, 7 Machi 2025

Sidi mwanangu,

Marahaba. Natumai barua hii itakukuta una afya, na kwamba hukupata adhabu kwa ile simu. Watoto hawajambo. Wanakula, wanaoga, mmoja ana kikohozi kidogo. Naandika kwa simu hii ya mdogo wako, taratibu, herufi moja moja, unisamehe panapokosewa.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye benchi la hospitali. Tulikuwa tumeshampeleka Jumamosi. Ijumaa alishinda ameishika simu kifuani, ananiambia, Mama, ngoja, kuna kitu utasoma. Nikangoja naye. Kila simu ikilia tunaangalia pamoja, si yenyewe. Jumamosi hakunijua tena, akaniita Mama Rosalia, na hapo sikumwuliza mtu, nilimbeba.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwa umri kuliko wewe. Alifungua leso zangu moja moja. Akauliza nani amemchoma huyu. Nikasema, mimi. Akaniangalia mikono, akaniangalia uso, kisha akanieleza yote polepole, alikatwa nini na kwa nini hakusikia. Alinieleza vizuri, hakunifokea. Ningependa angenifokea. Kwa hiyo ulipoandika nilikuwa nimeshajua.

Walikata nyama iliyooza mara mbili. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Jumatatu mchana ameondoka. Nilikuwa nimemshika miguu, kwa sababu huko juu kulikuwa na mashine.

Nina hasira nanyi, Sidi, nitakwambia ukweli. Nimekaa siku zote hizi nawaza, mlidhani ningewafanya nini? Ningenuna. Ningesema maneno. Kisha ningemtia mwanangu uji mdomoni na kumwambia kiuno chako kimependeza, maana kilipendeza, nilikiona. Mngeniambia tu. Mimi ni mama yenu.

Mikono yangu siitazami. Jana mke wa fundi mmoja wa Bamburi amejifungua, wametuma mtu kuniita. Nimesema nimefiwa, sikandi. Hawajui kwamba sitakanda tena.

Lenox amefika Jumatano, analia kama mtoto. Kesho tunamzika Kaloleni, karibu na baba yenu. Watu ni wengi, na kila anayenipa mkono ananiuliza, alikuwa anaumwa nini binti yako? Pale hospitali daktari alizungumza nami peke yangu. Mama Rosalia nimemwomba asiseme, amekubali. Kwa hiyo nimewajibu watu wote kwamba ni uvimbe wa kizazi, ulikuwa mkubwa, ukarudi. Mchungaji atasema hivyo madhabahuni.

Lenox atakutafuta kwa simu akuulize. Nawe mwambie ni uvimbe.

Mama yenu